Mtetemo Nikaupa Tano

Mama Sahil aliiweka chenso mpya, msumeno wa mashine, juu ya kaunta, kati ya boksi za misumari na makopo ya rangi, akasema hii haitumii petroli, inatumia betri. Nikamwambia basi hiyo si chenso, ni mashine ya kunyolea ndevu. Akacheka, maana ananijua. Jina lake hasa ni Noorjahan, lakini Iringa yote, wateja na sisi wafanyakazi wake, tunamwita kwa jina la mwanawe wa kwanza. Duka la vifaa alilirithi kwa baba yake. Kikosi cha kukata miti alikianzisha mwenyewe, baada ya kuona watu wananunua misumeno kwake halafu wanaangusha miti kwenye mapaa yao wenyewe.

Sisi tunakata ile miti ambayo huwezi kuiangusha ukiwa chini. Unapanda, unajifunga kamba, unaukata mti kipande kwa kipande kuanzia kileleni mpaka kibaki kisiki. Kazi hiyo nimeifanya miaka kumi na sita na sijawahi kuvunja hata kigae kimoja cha mtu. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Ilikuwa kweli, na nilitaka iendelee kuwa kweli.

"Jailos, wewe ndiye mkongwe," alisema Mama Sahil. "Nipe maoni ya kweli. Muuzaji wa Dar amenipa wiki mbili tu. Ukisema nzuri, nachukua za kazi na za kuuza. Ukisema mbaya, inarudi."

Akanipa fomu ya kutoa alama. Moja maana yake mbaya, tano maana yake nzuri kabisa. Uzito, kelele, kasi, vyote hivyo sikuwa na shida navyo. Katikati ya karatasi palikuwa na neno mtetemo, na hapo macho yangu yakapita haraka.

Niseme jambo ambalo siku hiyo lilikuwa langu peke yangu. Vidole vyangu vimekufa ganzi. Chenso ya petroli hutikisa mikono kutwa, mwaka baada ya mwaka, na mwishowe mikono inaacha kusikia. Ilianza na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, asubuhi za baridi, kikawa kinageuka cheupe kama kimechovywa kwenye unga. Kikafuata cha pili. Kufikia masika ya mwaka juzi vilikuwa vyote kumi, baridi iwepo isiwepo. Vifungo vya shati nilikuwa navifunga mbele ya kioo, kwa macho, na mke wangu akadhani nimeanza kujipenda uzeeni.

Sikumwambia mtu. Mpandaji asiyesikia vidole vyake anashushwa chini, na mimi chini sikutaka. Chini kuna kukokota matawi na kuambiwa sogea huku, sogea kule. Juu hakuna anayenisemesha. Ukiniuliza kama niliogopa, sikuogopa. Kitu kinachoondoka polepole hivyo unakizoea, hata siku kinapokwisha huna la kusema.

Tuliijaribu kwanza hapohapo Iringa, kwenye mjakaranda wa Gangilonga uliokuwa umelalia ukuta wa jirani. Naipa haki yake, ilikuwa mashine nzuri. Unabonyeza kitufe inawaka. Hakuna kuning'inia kwa kamba moja huku unavuta uzi wa kuwashia mara nane na kuitukana mara tisa. Hakuna moshi machoni. Ni nyepesi, na inapita kwenye tawi la unene wa paja bila kulalamika. Mabaya yake ni kwamba inavuja oili ya mnyororo kwenye suruali, na kukiwa na baridi betri inakwisha kabla hujakasirika vizuri. Tena ukiacha kukata inanyamaza kabisa. Ile ya petroli hata ukiiacha inaendelea kunguruma taratibu, ukiwa mtaa wa pili unajua ipo hai. Hii inakufa kimya, halafu ukigusa inafufuka.

Kulwa, mpandaji mwenzangu, kijana wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia Usangu na ng'ombe wao, naye akapanda akaijaribu. Kwenye mtetemo akaandika tatu. Mimi nikaandika tano.

"Baba Tupo, tano kabisa?" aliniuliza. Wenzangu hupenda kuniita kwa jina la binti yangu, Tupokigwe. "Mbona ikigonga fundo inatikisa mpaka kwenye kiwiko?"

"Wewe mikono yako laini," nikamjibu. "Umezoea kukamua maziwa."

Wote wakacheka, na Severina akacheka kuliko wote. Mama Sahil akaichukua tano yangu, maana ilitoka kwa mkongwe.

Severina ndiye alikuwa mkubwa wa chini. Ni Mhehe wa Kilolo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu kutoka bonde la pili. Kwa miaka tisa ndiye aliyepanga kipande kipi kiangukie wapi, nani akae wapi na nani akokote nini. Mimi naye hatukuwa tunazungumza sana kazini, hakukuwa na haja. Alisikiliza mashine. Ikinguruma anakaa mbali na watu wake. Ikizimwa anaingia chini ya mti, wanakokota matawi, wanatoka. Hakuna aliyewahi kuliandika hilo wala kulikubali kwa mdomo. Lilikuwa mazoea tu, na kwa miaka tisa lilitutosha, wala hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba mazoea hayo yalitegemea petroli.

Wiki ya pili tukaenda Mbeya. Kulikuwa na kazi Iyunga, milingoti mitatu, yaani mikaratusi, nyuma ya nyumba za kupangisha, mirefu kupita akili, matawi yamekaa juu ya mabati. Ilikuwa Julai. Anayeijua Mbeya ya Julai hahitaji kuambiwa, na asiyeijua avae makoti mawili. Asubuhi ya siku ya tatu nilivaa glavu nikaangalia kama vidole vimeingia vyote, maana kujua kwa kusikia isingewezekana. Vilikuwa vyeupe mpaka kwenye viungo. Nikapanda.

Kulwa alinishikia kamba. Severina alikuwa pembeni na mpangaji mmoja, anamwambia aondoe nguo zake kwenye kamba. Nikakata matawi mawili madogo yakaanguka vizuri. La tatu lilikuwa kubwa kidogo, la kuachia lianguke lenyewe, halikuhitaji kufungwa. Nikalikata robo tatu, nikaona mguu wangu haujakaa sawa. Nikaacha kukata ili niuhamishe.

Chenso ikanyamaza.

Mkono wa kushoto nilikuwa nimeuweka kwenye lile tawi, kama nilivyofanya miaka yote. Lazima nieleze hapa. Tawi lililokatwa robo tatu linaanza kuachia ndani kwa ndani kabla hujaona chochote. Nyuzi zinakatika moja moja, na unazisikia kiganjani, hata juu ya glavu. Hapo una muda wa kupiga kelele watu wakimbie. Zamani nilikuwa nazisikia hata nikiwa nawaza mambo mengine. Asubuhi hiyo mkono ulikuwa pale na haukuniambia kitu. Nilihamisha mguu polepole, nikarekebisha mkanda, na nyuzi zilikuwa zinakatika chini ya kiganja changu muda wote huo.

Nililiona likienda. Nikapiga kelele, lakini nilipoangalia chini Severina alikuwa ameshaingia, ameinama, mkono mmoja umeshika lile tawi la kwanza.

Lilimpiga begani. Lingempiga kichwani angekuwa amekufa, kofia au si kofia. Alikaa chini polepole, kama mtu aliyechoka, akasema, "Ye! Jamani." Niliteremka sijui vipi. Ninachokumbuka ni Kulwa analia na mimi nimesimama na chenso mkononi, nikiwaza kwamba oili itamwagikia khanga ya yule mpangaji.

Hospitali wakasema mtulinga umevunjika, na kidole gumba cha mkono uleule. Wakamfunga mkono kifuani. Nilipoingia wodini alinitazama kabla sijakaa.

"Nisamehe, Baba Tupo," akasema. "Kosa langu. Nilisikia kimya nikaingia. Sijui akili ilikuwa wapi."

Nikasema, "Pole, dada Seve."

"Umekata vizuri wewe. Mimi ndiye nimekuharibia. Miaka yote hujawahi kumuumiza mtu."

Hapo palikuwa pahali pa kusema. Maneno yenyewe hayakuwa mengi. Nilikaa kwenye kiti nikaangalia ile bandeji, nikangoja moyo uniume, haukuniuma. Nilikuwa naona kila kitu vizuri, dripu, shuka la bluu, yeye na midomo yake mikavu, na hakuna hata kimoja kilichonigusa. Nikamuuliza kama amekula. Akasema amekula. Nikaondoka.

Kulwa alishampigia simu Mama Sahil. "Mashine bubu hii," nilimsikia akisema nje ya geti. "Itaua watu. Irudishwe." Na mimi sikumkatiza.

Baada ya siku mbili wakamruhusu, tukarudi Iringa na gari la kazi. Severina tulimweka mbele. Igawa tukasimama kunywa chai. Mama mwenye kibanda alinimiminia kutoka kwenye chupa iliyotoka motoni wakati huohuo, kikombe cha bati, na mimi nikakikumbatia kwa viganja vyote viwili.

"Baba, hauungui?" akaniuliza yule mama.

"Huyo mwache," Severina akadakia, akicheka kwa uangalifu ili bega lisiume. "Huyo mikono yake ya mti. Tumemzoea."

Nilikirudisha kikombe mezani. Viganja vilikuwa vyekundu. Nikaviweka chini ya meza, na Severina akanisogezea chapati yake nusu, akaniambia nile, tangu juzi hajaniona nikila.

Kesho yake Mama Sahil alituita dukani, sisi watatu, akafunga mlango wa kioo ili wateja wasiingie. Chenso ilikuwa palepale kwenye kaunta, imefutwa. Alikuwa na fomu mbele yake na kalamu. Ni mama mpole, lakini kazi anaijua, na mambo ya watu kuumia hayafanyii mchezo.

"Severina, hospitali na mshahara wako wakati huu viko juu yangu, hilo usiwe na wasiwasi," alianza. "Lakini nakuuliza. Jailos alikwambia uingie?"

"Hapana, mama."

"Kulwa alikwambia?"

"Hapana. Nilisikia kimya."

Mama Sahil akaweka kalamu chini. "Mimi mkubwa wa chini nimemweka ili yeye awe wa mwisho kuingia. Leo umeumia wewe. Kesho ataumia mtu uliyemwingiza wewe. Mkono ukipona utakuja kukaa hapa dukani na mimi. Kwenye miti sikurudishi."

Severina hakubisha. Alisema, "Sawa, mama," kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ndogo, halafu akaanza kuvuta uzi uliokuwa umetoka kwenye bandeji yake. Akauvuta, ukazidi kutoka, akaendelea kuuvuta. Miaka tisa. Siku ya kwanza alipokuja wanaume wa kikosi walimuuliza kama amepotea njia ya kwenda sokoni, na baada ya mwezi mmoja hakuna aliyethubutu kusogeza kamba bila yeye kusema. Sasa atauza misumari.

"Na hii mashine nairudisha," Mama Sahil akaendelea. "Jailos, nimalizie fomu. Kelele uliipa tano, nadhani hiyo sasa unabadilisha. Mtetemo ulisema tano, inabaki?"

"Andika sijui," nikasema.

"Hujui nini?"

"Mtetemo. Sijui kama inatetemeka. Vidole vyangu havisikii."

Kulwa akanigeukia. Mama Sahil akaniambia ninyooshe mkono na nifumbe macho. Nikafumba. Nilisikia boksi zinasogezwa, misumari inagongana.

"Nimekuwekea nini kiganjani?"

Nikasubiri. Nikajaribu kwa nguvu, hata jasho likanitoka, kama mtoto aliyeulizwa darasani. "Msumari," nikasema. "Wa inchi tatu."

Nikafumbua macho. Kiganja kilikuwa kitupu, na mkono wa Mama Sahil ulikuwa bado ndani ya boksi.

Basi nikasema yote. Nikasema lile tawi lilianza kukatika chini ya mkono wangu na mkono haukuniambia. Ungeniambia ningepiga kelele mapema, na Severina angetoka hata kama alikuwa ameshaingia. Nikasema mashine haina kosa ila hilo la kunyamaza, na hilo dawa yake ni mdomo: wa juu aite kabla ya kila tawi, wa chini asiingie mpaka aitwe. Kulwa angeweza kuitumia miaka mingi na mikono yake isiwe kama yangu. Nikasema mtetemo waandike tatu, ile ya Kulwa. Nilisema yote hayo kwa sauti moja, kama nasoma tangazo. Niliposhusha pumzi nilikuwa sina nilichobakiza.

Mama Sahil akakata ile tano kwa mstari mmoja. "Severina, yale niliyosema nimeyafuta," akasema. "Ukipona unarudi mahali pako. Jailos, wewe kwenye mti hupandi tena. Leo hiihii mkanda wako mpe Kulwa."

"Sawa," nikasema. Nilikuwa nimeliogopa neno hilo miaka miwili, na lilipokuja likapita tu.

Nilidhani Severina atashukuru. Nikiri, nilikuwa nimeshaandaa jibu, kwamba asinishukuru, ni haki yake. Alikuwa ameacha kuvuta uzi. Ananiangalia usoni.

"Tangu lini?" akauliza.

"Muda kidogo."

"Tangu lini?"

"Masika ya mwaka juzi. Kabla ya hapo kidogo kidogo."

Akageuza macho kwenye dari. Nikaona midomo yake inacheza, nikajua anapitisha miti, mmoja baada ya mwingine, kama ninavyoweza kuipitisha mimi. Ule mkuyu wa Kihesa. Mipaina ya Mafinga, wiki nzima. Yote hiyo alikuwa chini yangu. Kulwa akaanza kusema neno, Severina akamwinulia mkono mzima.

"Na ule mlingoti wa Ilula," akasema. "Pale kwa wauza nyanya."

"Na ule," nikasema.

"Wiki ile mdogo wangu alikuwa amesafiri. Sikuwa na wa kumwachia mtoto." Hakuwa anapiga kelele. Ningependa angepiga. Na hakuniita Baba Tupo. "Nilikokota matawi siku mbili, Jailos, mtoto nimembeba mgongoni."

Nikamkumbuka yule mtoto. Alikuwa na kofia ya sufu ya njano, na kutoka juu ndicho kitu pekee nilichokuwa nakiona cha Severina, kile kinjano kinapita chini ya mti kila nilipozima mashine. Niliketi juu ya ndoo ya rangi. Miguu ilikuwa inatetemeka, na huo mtetemo niliusikia, haukuacha hata Severina aliponyanyuka, akafungua mlango wa kioo kwa mkono wake mmoja, akaenda zake.